Nauli ya Kaliua

Daftari lilikuwa la shule, la kurasa tisini na sita,
nyuma ya jalada kuna jedwali la kuzidisha.
Kalunde aliandika juu: NYUMBA YA IPULI,
akapiga mistari miwili kwa rula yangu ya ubaoni,
akaniambia, "Mwalimu, kuanzia leo
shilingi haitoki humu bila kuaga."

Benki walitupa miaka kumi na tano.
Yule kijana wa mikopo, shingo imekabwa na tai,
alitusomea karatasi: tukilipa taratibu
tutakuwa tumelipia nyumba yetu
na robo tatu ya nyumba nyingine
tusiyoujua hata mlango wake.
Nilicheka. Kalunde hakucheka.
Njiani, tukisukuma baiskeli kwenye mchanga wa Tabora,
akasema: "Deni ndiye mama, riba ni mtoto mgongoni.
Mtoto humfukuzi. Mkondeshe mama,
maziwa yatakauka yenyewe."

Basi tukaanza kumkondesha mama.

Sukari nusu kilo, au asali ya shemeji wa Sikonge ikiwapo.
Nyama sikukuu, au mgeni akija na yake.
Michembe asubuhi, matobolwa ya kutafuna njiani,
mlenda wa karanga, mlenda, mlenda,
hadi mwanangu Mihambo akauliza
kama mlenda nao tumekopeshwa na benki.
Sare za shule alizishona usiku,
cherehani ikiukata usingizi wangu vipande vidogovidogo,
na sare kumi zikitimia ni elfu arobaini
ya kwenda kwenye deni lenyewe, si kwenye riba.
"Andika hivyo kwenye stakabadhi," alimwambia karani,
"nione kwa macho yangu."

Sisemi tulikuwa watu wema.
Harusi ya binamu tulichangia sufuria moja,
tukala pilau tukitazama chini.
Nilificha elfu tano ya kahawa ndani ya soksi;
akaiona, akaiandika:
"Soksi ya Mwalimu, 5,000. Imepatikana."
Siku tatu hatukusemeshana,
na nyumba, bado haina dari,
ikausambaza ukimya wetu chumba hadi chumba.

Na kila Juni, mstari uleule:
"Nauli ya Kaliua, kumwona Nyamizi."
Kila Juni akaukata kwa wino mwekundu,
kwa rula, polepole, kama anapima kitambaa.
"Dada yangu hakimbii," alisema. "Linalokimbia ni deni."
Usiku, treni ya Kigoma ikipiga honi kutoka stesheni,
aliondoa mguu kwenye pedali, akangoja ipite,
kisha akaendelea na pindo.

Mwaka wa nane, mwezi wa pili, simu ililia alfajiri.
Tulifika udongo umeshashindiliwa.
Nauli ya siku ile haikuandikwa popote.

Mwaka wa tisa tulimaliza.
Yule kijana, sasa ana kitambi na ofisi yenye mlango,
alitukabidhi hati ndani ya bahasha ya kaki,
akataka kujua siri yetu, eti awaambie wateja.
Nikamtazama Kalunde. Kalunde akaitazama bahasha.
"Hesabu," alisema. Basi.

Nyumbani aliiweka hati chini ya godoro, akaitoa,
akaiweka sandukuni, akaitoa,
mwishowe akaiacha mezani
kama sahani ya mtu aliyechelewa.
Mimi nilipiga hodi kwenye ukuta wetu, mzaha tu,
nisikie tofali lisilodaiwa linaitikaje.
Yeye akafungua daftari, ukurasa wa mwisho,
pale jedwali la kuzidisha linapochungulia,
akaandika kwa wino wa bluu:
"Nauli ya Kaliua, watu wawili, kwenda na kurudi.
Saruji ya kaburi, mfuko mmoja."
Akajumlisha. Akaishika rula.
Akairudisha mezani.